Betri mpya Kariakoo: kioo kimenyanyuka, fundi anasema "umeilalia"

Hukumu kwanza: banda lile la simu karibu na Mtaa wa Aggrey nalipa nyota moja, na hiyo moja ni ya feni. Betri waliyoniwekea miezi michache iliyopita imevimba, imesukuma kioo mpaka ukucha unapita pembeni. Nimewapelekea, kijana wa kaunta hata hakuishika. "Bosi, hii umeilalia."

Umeilalia! Betri ya lithiamu inavimba kwa sababu kemikali zake zimeanza kuoza na kutoa gesi, na pakiti imezibwa, gesi haina pa kwenda. Chanzo ni seli mbovu, joto, kuchajiwa kupita kiasi, au kuumizwa wakati wa kuwekwa. Na kuumizwa nilikuona kwa macho, nilikuwa nimesimama pale pale.

Fundi ana mkono mwepesi, hilo simnyimi. Dakika 15 hivi simu ikawaka. Ndiyo shida yenyewe. Simu ilikuwa karibu imejaa chaji. Anayejua kazi angetaka ishuke chini ya asilimia 25 kwanza, maana betri iliyojaa ikitobolewa inawaka vibaya zaidi. Mfuniko akaupiga bloa ya hewa moto kwa kukisia, wakati sahani ya moto ya nyuzi 80 hivi kwa dakika chache ingelainisha gundi bila kuichemsha betri. Kisha akachomeka bisibisi bapa ya chuma chini ya betri ya zamani, akaibinua kama anamenya muhogo.

Betri haibinuliwi. Unaanza kwa kuchomoa soketi yake kwa kipande cha plastiki kabla hujagusa kitu kingine, usije ukapiga shoti kwenye bodi. Kama gundi yake ina ulimi wa kuvuta, vuta polepole, chini chini, sambamba na betri. Ukiunyanyua juu unakatika. Ukikatika, dondosha matone machache ya spiriti ya aisopropili, ya asilimia 90 kwenda juu, inamisha simu ili ipenye chini, subiri dakika mbili tatu, halafu pitisha mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, kushoto kulia kama msumeno. Betri inaachia yenyewe bila kujikunja.

Halafu unakwangua gundi ya zamani yote. Yote! Kwangu mabonge yalibaki, betri mpya ikalazwa juu yake na kukandamizwa kwa dole gumba. Ndani ya ile pakiti kuna tabaka nyembamba mno, na kati yake utando kama ule wa ndani ya kitunguu. Ukiukandamiza juu ya bonge la gundi, unachoka mahali hapo hapo, na kazi ya kuvimba imeshaanza hata kabla hujalipa.

Betri yenyewe ilikuwa na stika ya "orijino". Stika inachapwa popote. Kinachosema kweli ni mita: betri nzima iliyokaa dukani husoma volti 3.7 hadi 3.9. Chini ya 3 imekaa mno bila chaji. Chini ya 2.5 mrudishie mwenyewe, huenda ndani imeshaharibika hata ikikubali kuchaji. Inuse pia, harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha maana yake inavuja. Na ipime mkononi: stika ikisema mAh 5000 (mAh ndiyo kipimo cha chaji inayobebwa na betri) huku betri ni nyepesi kuliko ile ya zamani ya mAh 4000, umeuziwa karatasi. Ukishawekewa, itumie kwa kazi nzito, video au kamera. Ikizima ghafla ikiwa asilimia 30 au 40, seli ni dhaifu, volti inaporomoka ikidaiwa umeme mwingi. Rudi siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu.

Sasa niseme na upande wa pili, japo sipendi. Lithiamu inachukia joto, na inachukia kukaa imejaa, na vyote viwili vikikutana ndiyo mbaya zaidi. Watazame bodaboda: simu kwenye usukani, jua la Februari, ramani imewashwa, chaja imechomekwa, asilimia 100 tangu asubuhi. Chini ya mto ni vile vile, joto halina pa kutokea. Na mimi huwa naichaji chini ya mto. Haya. Kijana wa kaunta alipatia, lakini kwa bahati tu. Angekuwa anajua angeniambia niweke kikomo cha kuchaji asilimia 80, simu nyingi za sasa zinacho.

Ila hasira yangu imeshahama banda. Betri ya BL-5C ya simu za Nokia za zamani uliitoa kwa ukucha, ukaichomeka kwenye chaja ya kobe, ukaazima ya jirani. Ikivimba unaitoa, unanunua nyingine sokoni, kioo hakijui lolote. Tunaambiwa gundi ni kwa ajili ya kuzuia maji. Simu ya Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilizuia maji kwa kiwango cha IP67 na mfuniko wake ulifunguka kwa kidole. Mwaka uliofuata S6 ikaja imegundishwa. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2023, unataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji kuanzia 18 Februari 2027, ingawa simu zimeachiwa mianya. Fundi wa Kariakoo anapambana na gundi ambayo hakuiweka yeye.

Kwa sasa simu nimeizima, iko juu ya kigae mbali na pazia. Iliyovimba haichajiwi, haitobolewi kutoa hewa, haitupwi jalalani panapochomwa taka. Wiki hii naenda tena kwa fundi yule yule, na mita yangu, spiriti yangu na mshipi wangu. Nyota mbili, basi. Tatu akikwangua gundi.