Kabla ya kulipa, geuza kiti: viti vya chuma vya Kifaransa kwa baraza na bustani za Lubumbashi

Tangu mvua zianze, ujumbe mnaoniandikia unafanana. Mama mmoja wa Kampemba alinunua viti vinne vyeupe vya chuma, vyenye mgongo wa maua yaliyopindwa, akaviweka chini ya mwembe. Mgeni wake alipoketi, mguu ukakatika hapo hapo chini, karibu na udongo. Dada mwingine, wa mtaa wa Golf, anaona maji ya rangi ya kahawa yakitoka kwenye miguu ya meza yake na kuacha madoa kwenye vigae vya baraza. Wote wananiuliza: tupake rangi gani?

Hakuna rangi ya kuwasaidia. Viti hivyo vimeliwa kutoka ndani.

Kwa hiyo leo sitazungumzia kama kiti kinapendeza, kama kinapatana na mapazia, wala kama kinakalika vizuri. Macho mnayo, na makalio mnayo. Nitazungumzia miguu, kwa sababu sijaona mnunuzi hapa mjini anayeiangalia, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Viti vingi vinavyouzwa kwetu kwa jina la "Kifaransa" vimetengenezwa kwa bomba. Bomba ni tupu ndani. Pale fundi alipochomelea, hubaki vitundu ambavyo huwezi kuviona, na maji ya mvua hupita humo. Yakishuka mpaka chini yanakutana na kofia ya mpira iliyovalishwa mguu ili usikwaruze sakafu, na kofia hiyo inayazuia yasitoke. Kwetu mvua inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Muda wote huo chuma kinaloweka kwenye maji yake, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Ukiweka kiti hicho kwenye nyasi, juu ya udongo wetu mwekundu usiokauka upesi, kutu inakula kutoka pande zote mbili.

Ukifika kwa muuzaji, geuza kiti miguu juu. Vua kofia za mpira. Kukitoka maji au unga mwekundu, rudisha kofia na uage kwa heshima. Kisha tikisa: magamba ya kutu ndani ya bomba yanasikika. Chukua ufunguo wa nyumba, gonga mguu kuanzia juu ukishuka. Chuma kizima kinalia. Penye kutu sauti inafifia, na mara nyingi inafifia sentimita chache tu kabla ya mwisho. Halafu toa sumaku. Mimi natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, iko kwenye mkoba pamoja na simu. Ipitishe kwenye miguu taratibu. Ikiacha kushika mahali fulani, pana mastiki ya magari iliyosuguliwa na kupuliziwa rangi juu. Fundi wa kunyoosha mabodi anaweza kuficha tundu la kuingia kidole gumba, na usilione hata jua likiwa kali.

Hapo ndipo muuzaji anapoanza. "Mama, hii ni ya bazungu benyewe, usiigeuze, rangi itatoka." Rangi gani ya kweli inayotoka kwa kugeuzwa? Wa pili atakuambia kilitoka kwenye nyumba ya mkubwa wa Union Minière, ile kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, kama vile mabosi wote wa Union Minière walikuwa na karakana ya viti. Mji huu ulianza 1910 kwa jina la Élisabethville, na waliouanzisha ni Wabelgiji, si Wafaransa. Vingi vya kale unavyoviona kwenye baraza za nyumba za zamani vilitoka Ubelgiji, au Afrika Kusini kwa reli. Sina ubaya na hilo, chuma hakina pasipoti. Ubaya wangu ni bei. Kitu kikiitwa cha Kibelgiji ni cha kale, kikiitwa cha Kifaransa kinapanda mara mbili, na bei inatajwa kwa dola ukiwa bado unashuka kwenye gari. Ukija kwa miguu ukiwa umevaa kandambili, kiti kilekile kinarudi kwenye franka.

Basi tupange.

Nafasi ya kwanza, na sitajificha, naipa Tolix, kile kiti kinachoitwa A. Najua mnasema namtukuza sana huyu Xavier Pauchard. Acheni nimtukuze. Alikuwa fundi wa kupaka bati zinki huko Autun, Burgundy, akaliandikisha jina la Tolix mwaka 1927, na kiti A kikatoka 1934. Yaani kilitengenezwa na mtu aliyeanza kwa kupigana na kutu, mambo ya urembo yakafuata. Kiangalie kwa chini: miguu yake ni bati lililokunjwa, liko wazi kwa ndani. Si bomba. Maji hayana pa kujificha. Kwenye kalio kuna matundu, na watu wengi wanadhani ni mapambo. Mvua inapita hapo na kwenda zake. Viti hivi vinapangwa kimoja juu ya kingine, jambo ambalo mwenye baraza ndogo ataliona lina faida siku ya msiba au ya ubatizo.

Ila sikilizeni: hata Tolix halisi si zote za bustani. Kiwanda chenyewe kinauza vya chuma kilichopakwa rangi tu, hivyo ni vya ndani, na vile vilivyopitishwa kwenye zinki, ambavyo vinakaa nje. Kwaruza kidogo chini ya kalio, mahali pasipoonekana. Ukiona kijivu kilichofifia chini ya rangi, ni zinki. Ukiona chuma kinachong'aa au wekundu, kiti hicho ni cha jikoni. Nakala zinazoingia kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa ni nyingi kuliko viti vyenyewe, na nyingi nilizozigeuza hazina zinki hata kidogo. Kutu inaanzia kwenye matundu yaleyale yaliyowekwa kuzuia kutu. Nakala si dhambi, kama bei yake ni ya nakala. Mwezi uliopita niliombwa dola 120 kwa moja, na ilikuwa bado na karatasi ya kiwandani chini ya kalio.

Nafasi ya pili ni kile kiti kidogo cha kukunja cha mikahawa ya Paris, chenye mbao au vibamba vya chuma vimelala kwenye kalio na mgongo. Kinatoka mwisho wa karne ya 19, wakati ambao Mnara wa Eiffel ulisimamishwa, na leo kampuni ya Fermob ya Thoissey bado inakitengeneza. Miguu yake ni chuma bapa, kigumu, hakina utupu ndani, kwa hiyo ugonjwa wetu wa leo hakina. Kina wake: ribiti, zile pini zinazoshika miguu pamoja. Fungua na ukunje mara kadhaa, ushike mguu mmoja uusukume kushoto na kulia. Ribiti ikicheza, tundu limeshapanuka, na mtoto akiwekea kidole hapo wakati kiti kinakunjwa mtakumbukana. Fundi mzuri anaweza kung'oa ribiti na kuweka bolti. Mbao zikiwa zimeoza msihangaike, seremala yeyote atazikata upya kwa mti wa muvula. Bora chuma kiwe kizima.

Ya tatu ni kile kiti cha bustani ya Luxembourg, iliyoko Paris. Umbo lake lilianza 1923 kwenye karakana za jiji la Paris, kwa chuma. Kile cha aluminiamu kilichochorwa na Frédéric Sofia ni cha miaka ya 2000, nacho pia kinatoka Fermob. Aluminiamu haishiki kutu, na hapa sumaku itakuwa shahidi wako kwa namna nyingine: ikishika, umedanganywa. Kwa nini basi ni cha tatu? Kwa sababu si cha kale, ni kipya chenye sura ya kale, na bei yake ni ya kuhamishia mtu mahakamani. Na kikivunjika, mafundi wengi wa kuchomelea hapa hawana vifaa vya aluminiamu. Kitaishia kwa wayeyusha sufuria.

Ya nne ni fundi wenu wa mtaani, na hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndiye wengi wetu tutakayeenda kwake. Mpelekee picha ya kiti unachotaka, lakini usimwache achague chuma. Atachagua bomba la pembe nne, kwa sababu ni jepesi na analo pale. Mwambie unataka chuma cha duara kigumu au chuma bapa. Kiti kitakuwa kizito, utalipa zaidi, manseba wa pikipiki atalalamika kukibeba. Sawa. Kama ni lazima bomba, mwambie atoboe tundu la milimita tano chini ya kila mguu kabla ya kupaka rangi, na kofia za mpira pia zitobolewe. Wenye viti vya bomba ambavyo bado ni vizima, fanyeni hivyohivyo wiki hii, kisha viwekeni juu ya mawe au vigae, si kwenye majani. Jambo moja la hatari: fundi asichomelee chuma chenye zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Ule moshi mweupe unampa mtu homa usiku, na wengi wanadhani ni malaria.

Na kiti cha zamani chenye matabaka ya rangi msikisugue msasa mkavu barazani watoto wakiwepo. Rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowesha, sugua, kusanya uchafu kwenye gazeti, tupa mbali.

Viti vizito vya chuma cha kumimina, vile vyenye majani ya zabibu, naviweka nafasi ya tano. Ni vizuri sana, havina bomba, lakini vikianguka vinapasuka badala ya kupinda, na kuvichomelea ni kazi ya mtu aliyeisomea. Tafuta mpasuko uliojazwa rangi pale mguu unapokutana na kalio.

Vya plastiki vinavyoiga chuma: jua la Septemba litavimaliza.

Mliouliza kuhusu vitu vya ndani, kwa ufupi. Birika za enameli zilizobanduka ni za kuwekea maua, si chai. Vioo vyenye fremu ya dhahabu tutavizungumza siku nyingine, kuna uongo mwingi wa plasta. Bilauri za Duralex nunueni bila woga zikiwa hazina nyufa. Ni zilezile tulizokuwa tunazigeuza shuleni kusoma "umri" wetu kwenye namba ya chini, ambayo kumbe ni namba ya kalibu. Jina la Duralex lilianza 1945, na kiwanda chake cha karibu na Orléans tangu 2024 ni cha wafanyakazi wenyewe. Na bado sokoni kwetu bilauri sita ni bei ya kilo chache za unga, wakati wauzaji wa viti wanataka kodi ya nyumba.

Wakati wa kununua: mimi naenda Februari. Viti vimeshalala nje kwa miezi, muuzaji hajapata jua la kupaka rangi ya kuficha, na madoa ya kahawia yapo sakafuni chini ya kila mguu mbovu. Rangi ya kuzuia kutu napaka Juni, hewa ikiwa kavu.