Kupanda Mlima Meru na ushirika wa chuo: inafaa, na hizi ndizo sababu zangu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna viongozi wa vikundi vya wanafunzi wananiuliza kama ile safari ya Mlima Meru inafaa kwa ushirika wa chuo au ni kumaliza hela za watoto wa watu tu, sasa naandika mara moja kila mtu asome. Jibu langu ni ndiyo, inafaa sana, na kama mnachagua kati ya Meru na Kilimanjaro kwa ajili ya kikundi cha kiroho mimi nasema nendeni Meru, na sio kwa sababu ya bei peke yake.

Kilimanjaro kila mtu anaijua na kila mtu anataka picha ya Uhuru. Meru iko pale pale Arusha, mita zaidi ya 4,560, mlima wa pili kwa urefu Tanzania, na watu wa mjini wanaamka wanauona kila siku bila hata kuwaza kuupanda. Kinachoutofautisha ni kwamba uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ambako kuna wanyama, kwa hiyo hampandi bila askari wa hifadhi (TANAPA) mwenye bunduki, na askari akisema tunatembea pamoja basi mnatembea pamoja. Yaani wale wenzetu wenye pumzi, wachezaji mpira, hawawezi kuchomoka mbele wakawaacha wengine msituni. Nyati wapo, tena wa kutosha, siku ya kwanza tu baada ya kutoka geti la Momella tuliwakuta wamesimama kwenye nyasi wanatukodolea macho, askari akanyoosha mkono tukasimama wote kimya mpaka wakaamua wenyewe kuondoka. Twiga nao wako karibu utadhani wamefugwa, na ukiingia msituni unasikia mbega juu ya miti.

Sasa hiyo sheria ya kutembea pamoja ndiyo iliyotufundisha kuliko somo lolote tulilokuwa tumeandaa. Kiongozi wetu wa mlima, mzee wa makamo mzaliwa wa huko huko Arumeru, alituambia asubuhi ya kwanza, "Wanangu, atakayetembea taratibu kuliko wote ndiye anakaa mbele, wengine wote nyuma yake." Akamchukua dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole, hata kwenye ibada huwa anakaa viti vya nyuma, akamweka wa kwanza nyuma ya askari. Kaka zetu wakaanza kunung'unika chini chini kwamba kwa mwendo huu tutafika usiku. Mzee hakujibu kitu. Tulifika kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, jua bado lipo na hakuna aliyechoka vibaya.

Jioni ile mezani kabla ya chakula mwenyekiti wetu akasoma 1 Wakorintho 11:33, pale Paulo anapowaambia ndugu wakikutanika wapate kula, "mngojane". Huo mstari tumeusikia miaka yote kwenye meza ya Bwana, tunauchukulia kama habari ya adabu ya chakula, ila siku ile baada ya kutembea kutwa nzima kwa mwendo wa mtu mmoja uliingia kila mtu. Korintho wenye nacho walikuwa wanawahi kula, wasio nacho wanakuta sahani tupu, na Paulo anaona hapo kanisa limeshavunjika. Na sisi vyuoni tuko hivyo hivyo, anayejua kuomba kwa sauti anatangulia, anayejua kuimba anatangulia, mgeni aliyeokoka juzi anatufuata kwa mbali mpaka anakata tamaa anaacha kuja, halafu tunaulizana kapotelea wapi. Watu walitubu kweli kweli pale, bila mtu kusukumwa.

Kuhusu huduma. Vibanda ni vizuri, vitanda vya juu na chini vyenye magodoro, mnalala wachache wachache chumbani, kuna ukumbi wa kulia ambao mnaweza kufanyia ibada ila kumbukeni kuna wageni wengine wamelala, imbeni kwa kiasi. Malipo ya hifadhi yanapita kwa kontro namba, na Mtanzania analipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo vitambulisho msisahau. Kampuni iliyotupeleka siitaji jina maana ina mazuri na mabaya. Mabaya, gari lilichelewa asubuhi ya kwanza na baadhi ya majaketi tuliyokodi kwao zipu zilikuwa zimekufa, na zipu mbovu kwenye mita elfu nne sio jambo dogo wapendwa, kagueni vifaa siku moja kabla, jaribuni kila kitu, tochi za kichwani ziwasheni muone. Mazuri ni watu wao, na hapo kwa watu nawapa alama zote.

Mpishi hasa. Siku ya pili mnapanda kwenda kibanda cha Saddle, mita 3,570, ngazi hazina mwisho, mnapumzika sehemu iitwayo Mgongo wa Tembo mnaangalia bonde la kreta, yaani shimo la volkano, mkifika wengine wanaendelea kupanda Meru Ndogo, mita 3,820, ili mwili uzoee. Kwenye mwinuko ule njaa inakata. Kichwa kinagonga, ukiona chakula unasikia kichefuchefu, unataka kulala tu. Mpishi akawa anazunguka na supu na chai ya tangawizi, anamshika mtu bega, "Mdogo wangu amka ule, usiku safari ni ndefu." Mlezi wetu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo halafu akatuambia tufungue 1 Wafalme 19. Eliya amelala chini ya mti, amechoka, anaomba kufa, na malaika hakuja na mahubiri, alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwambia aamke ale kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Nimekaa kwenye semina nyingi za kufunga na kuomba na ninaziheshimu, ila sikuwahi kufikiria kwamba kuna wakati utii ni kumaliza bakuli la supu. Kwa wanafunzi wanaokesha, hawali, hawalali, halafu wanaona kuanguka kwao ni udhaifu wa imani, naomba viongozi muwafundishe hili andiko lote, na ule mkate nao ni sehemu ya andiko.

Usiku tuliamshwa, uji, biskuti, tukaomba tumeshikana mikono nje kwenye baridi na mnamo saa nane tukaanza. Hadi sehemu ya njiani iitwayo Rhino Point tulikuwa wote. Kutoka hapo njia inapita ukingoni mwa kreta, miamba, majivu, upande mmoja giza linashuka chini sana, na yule dada wa mbele akaanza kutapika na miguu kuyumba. Kiongozi akamwangalia macho, akamuuliza maswali mawili matatu, akasema huyu anashuka sasa hivi, na msaidizi wake atamshusha. Dada analia, anasema ameomba mwaka mzima kufika kileleni. Sasa kaka mmoja ambaye kiukweli ndiye alikuwa na nguvu kuliko sisi wote, na ndiye aliyenung'unika sana siku ya kwanza, akasema nashuka naye, hawezi kushuka bila mtu wa nyumbani. Hakuna aliyemwambia. Akageuka, akachukua begi lake, wakaondoka.

Sisi tulifika. Jua lilitukuta Cobra Point, linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, na kileleni pale Socialist Peak tuliimba tenzi mbili tu pumzi ikaisha. Ukiangalia chini unaona ule mlima mdogo wa majivu katikati ya kreta, na upande wote wa mashariki wa Meru haupo, uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1910, yaani mabibi na mababu wa watu tunaowajua waliona. Zaburi 104 inasema anaigusa milima inatoka moshi. Niliogopa, ile hofu nzuri, na ninashukuru. Ila nikisema ukweli, tuliporudi Saddle watu hawakuwa na hamu ya kusimulia kilele. Walienda moja kwa moja kwa wale wawili, dada amelala vizuri kichwa kimeachia, kaka anamchemshia maji, na kila mtu aliona nani amehubiri safari ile.

Kushuka napita haraka: magoti yanauma kuliko kupanda, fimbo ni lazima, kucha zikatwe mapema.

Kuna kitu kimoja nawaomba msikiruke. Mkitoka Arusha, kabla ya kukata kona Usa River kwenda Momella, mko jirani na Akeri. Pale Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa ndio kwanza wamefika, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Wajerumani wakaleta jeshi, Wameru na Waarusha wengi wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa. Mlezi wetu alituhadithia haya yote mawili, kaburi la wamisionari na vifo vya wenyeji, hakutaka tubaki na nusu. Misheni ilirudi ikaanzisha kituo Nkoaranga mwaka 1902 na leo hizo kata zote zimejaa makanisa. Kiongozi wetu wa mlima ni Mlutheri wa huko, aliposikia tunazungumza habari hizo aliongeza ya kwao kwa upole sana. Kukanyaga ule mlima bila kujua hayo ni kupita kwenye nyumba ya mtu bila hodi.

Ushauri kwa wanaopanga, iwe vyama vya wanafunzi Wakristo kama USCF, CASFETA, TAFES au kikundi cha parokia. Ratiba ya kiroho iwe nyepesi, andiko moja asubuhi na mazungumzo jioni yanatosha, sisi tulikuwa tumepanga masomo marefu na yote yaliachwa, watu wamechoka. Chagueni ratiba ya siku nne, ile ya siku tatu inabana kwa watu ambao hawajazoea. Mwenye pumu au presha aende hospitali kwanza na awaambie viongozi wazi. Na wale wagumu wanaobeba mizigo yenu, bahasha yao iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza ya kuchanga, sio kupitisha kofia getini mkiwa mmeshaishiwa. Muulizeni wakala wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, wanalala wapi na wanakula nini, akianza kuzunguka tafuteni wakala mwingine. Sisi tuliomba wakae nasi kwenye ibada ya mwisho na wawili kati yao ndio waliotuombea.

Msimu mzuri ni Juni mpaka Oktoba, au Desemba mwishoni mpaka Februari. Vibanda hujaa, hivyo nafasi ziwekwe mapema, na kama mnataka kwenda likizo ndefu anzeni kuchanga muhula wa kwanza.