Amend na njia ya miguu ya shuleni kwetu: nyota tano

Nauza vitumbua karibu na geti la shule ya msingi hapa Dar, kwa hiyo kazi ya Amend, shirika la usalama barabarani, naiona kila asubuhi kabla mafuta hayajachemka. Zamani watoto walitembea barabarani kabisa, bega kwa bega na daladala. Sasa kuna njia ya miguu, vigingi vya zege vya kuzuia magari yasiipande, matuta, na kibao cha kilomita 30 kwa saa. Basi, hakuna cha ajabu. Ila wa darasa la kwanza wanapita wakibishana Simba na Yanga, hawana habari na magari. Mradi huo wa Amend wa usalama wa barabara za shuleni, unaoitwa SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Walistahili.

Kero ni sisi watu wazima. Bodaboda wakiona foleni wanapenya humohumo. Na mimi, nisijifiche, siku ya kwanza niliweka jiko langu juu ya njia. Mwalimu akaja taratibu: "Mama, hapo pa watoto." Nikasogea na karai langu la moto. Anayekuja kwa baiskeli bado anabanana na bajaji.