Programu ya Qur'ani iliyoniambia kuwa sala haimo

Sikuwa na nia ya kuandika haya, ila jibu nililopewa na wenye programu hii ya kutafutia maneno ya Qur'ani bado linanichoma. Tuliinunua kabla ya Ramadhani kwa ajili ya darsa yetu ya baada ya Magharibi hapa Chake Chake, kwa fedha za mchango, na kwa kuwa hailipwi kwa simu ilinibidi nimwombe shemeji yangu aliyeko Maskati atulipie kwa kadi yake.

Usiku wa kwanza niliandika neno la Kiarabu la sala kama linavyoandikwa katika gazeti lolote, kwa herufi ya alifu, nikabonyeza kutafuta. Matokeo: 0. Nikarudia, 0. Kijana wa safu ya mbele akauliza kwa adabu zote, "Maalim, kwani sala haimo katika Qur'ani?" Darsa nzima ikacheka, nami nikabaki kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Sababu ni kwamba Msahafu hufuata hati ya Uthmani, yaani maandishi ya kale yanayonasibishwa na Khalifa Uthmani, ambayo neno hilo, pamoja na zaka na riba, kwa kawaida huliandika kwa herufi ya wau badala ya alifu, na programu ililinganisha herufi kwa herufi bila huruma, hata aya ya 43 ya Al-Baqara, inayoamrisha sala na zaka kwa pamoja, isionekane. Nikawaandikia kwa heshima. Wakanijibu kuwa mtumiaji anatakiwa kujua maandishi ya Msahafu kabla ya kutafuta. Mimi, ninayesomesha chuo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi!

Kwa uadilifu nakiri kuwa kutafuta kwa mzizi ni kuzuri mno: ukiingiza herufi za sadi, lamu na wau, hukupangia kila neno lililotokana na mzizi huo pamoja na irabu yake, yaani uchambuzi wa nahau yake katika sentensi, kazi ambayo kwa vitabu ingenimalizia wiki, na kwa hilo peke yake nilikaribia kuwashauri wenzangu wainunue. Sasa sishauri. Maktaba Shamela, programu ya vitabu vya Kiislamu vya Kiarabu, ina maelfu ya vitabu na haidai hata senti, na programu ya bure iliyomo simuni mwangu iliipata sala kwa alifu na kwa wau. Hawa wanaotoza dola wanadhani wanafunzi wa elimu hii hatuna pengine pa kwenda.

Leseni ina miezi kadhaa bado. Anayeitumia ni yule kijana, na kila akitaka sala huandika wau.