Karakana ya kusubu bronzi Ng'ambo: nendeni siku ya kumimina

Wengi wetu tunaijua bronzi, aina ya shaba ya mchanganyiko, kwa Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosubiwa Uingereza na kuzinduliwa mwaka 1927. Anayetaka kuona kazi ya namna hiyo inavyofanyika hana haja ya kuvuka bahari, kwa kuwa upande wa Ng'ambo, mjini Unguja, ipo karakana ndogo inayopokea wageni kwa miadi. Fundi mkuu hasubu sura za watu. Hutengeneza kasa, pweza na majahazi, pamoja na vyetezo na misumari ya milango, ambayo kwa kauli yake ndiyo inayomlisha.

Kilichonivutia zaidi hakikuwa moto bali nta. Kasa aliyekuwa mezani alitandazwa kwa nta yenye unene wa milimita 5 hivi juu ya kiini cha udongo na mchanga, kwani sanamu ya ukubwa ule ikisubiwa bila uwazi ndani huwa nzito mno na huweza kupasuka inapopoa. Magamba ya mgongoni yalikuwa yakichorwa kwa ncha ya chelewa, moja moja, na kila kosa likisawazishwa kwa kidole kilichopashwa moto. Baadaye ilipachikwa mirija ya nta, mmoja wa kupitishia shaba iliyoyeyushwa na mingine ya kutolea hewa, na misumari ya chuma ya kukizuia kiini kisihame nta itakapoyeyuka. Nilipouliza kiasi cha shaba hujulikanaje, fundi alijibu kwamba huipima nta iliyotumika, huzidisha uzito wake kwa 9, kisha huongeza kidogo.

Kalibu, yaani ganda la udongo linaloifunika nta, ni lazima ikauke kabisa, nta iyeyuke na kumwagika yote tanurini, kwa sababu unyevu ukibaki hugeuka mvuke ghafla na kuirusha shaba kwa waliosimama karibu. Kwa hiyo wakati wa masika miadi huahirishwa mara kwa mara, na ni vyema kuulizia kabla ya kutoka nyumbani. Kumimina kwenyewe hakufiki dakika moja: mavi ya shaba, yaani uchafu unaoelea juu, huenguliwa, watu wawili huinua chungu kwa koleo ndefu, na mambo yamekwisha. Kazi ya tupa na msasa inayofuata ni ndefu, na mgeni anaweza kuikosa bila ya kupungukiwa.

Nina lalamiko moja, na si dogo. Bronzi ya asili ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, mara nyingi sehemu 10 hivi katika 100, lakini hapa huyeyushwa rafadha za boti zilizochakaa, ambazo nyingi zina zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini ya joto la kumiminia, na moshi mweupe tulioukuta unaweza kumletea mtu homa usiku uleule. Wageni hawakupewa barakoa wala miwani, na mmoja wetu alivaa kandambili bila ya kukatazwa. Aidha, mnunuzi anastahili kuelezwa mchanganyiko uliomo kwenye kitu anachouziwa kwa jina la bronzi.

Vyetezo vyao ni ghali kuliko vya soko la Darajani, ila ni vizito, miguu imekaa sawa, na jina la mteja huchorwa chini bila ya malipo ya ziada.