Rumours ya Fleetwood Mac: albamu inayodai kusikilizwa kwa mpangilio wake

Albamu ya Rumours ya kundi la Fleetwood Mac, iliyotolewa tarehe 4 Februari 1977, imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani, ilikaa kileleni mwa chati ya albamu ya Marekani kwa wiki 31, na ilitwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Hayo yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Ninalotaka kulipima hapa ni jinsi nyimbo zake 11 zilivyopangwa, na hasara anayoipata msikilizaji anayezichukua moja moja au anayeiachia simu yake izichanganye.

Mimi mwenyewe niliifahamu albamu hii kupitia kaseti iliyonakiliwa na mtu aliyezipanga nyimbo kadiri alivyozipenda, akianza na zile zilizovuma. Nilizikariri zote. Hata hivyo, siku nilipopata santuri na kuisikiliza kama ilivyotoka, nilihisi kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikisoma barua za watu zilizochanganywa kurasa, kwa maana nyimbo hizi zinajibizana, na jibu likitangulia swali maana yake hupotea.

Majibizano hayo hayakubuniwa. Albamu ilipokuwa ikirekodiwa mwaka 1976, kwa sehemu kubwa katika studio ya Record Plant mjini Sausalito, California, uhusiano wa mwimbaji Stevie Nicks na mpiga gita Lindsey Buckingham ulikuwa umevunjika. Christine McVie, mpiga kinanda, alikuwa ameachana na mumewe John McVie, mpiga besi. Na ndoa ya mpiga ngoma Mick Fleetwood nayo ilikuwa inayumba. Watunzi wakuu walikuwa watatu, Nicks, Buckingham na Christine McVie, na kila mmoja alileta studio yaliyokuwa moyoni mwake, huku yule aliyekusudiwa na maneno akilazimika kuyapigia ala au kuyaitikia.

Ili kuelewa uamuzi wa waliozipanga, lazima kwanza kuielewa santuri yenyewe. Santuri huzunguka kwa kasi ileile ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika toka mwanzo hadi mwisho, lakini sindano ikiwa ukingoni husafiri njia ndefu katika kila mzunguko, na inapokaribia kitovu njia hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu, hivyo sauti hubanwa mahali padogo na muziki wenye kishindo kikubwa huweza kusikika ukikwaruza. Tena, upande mmoja ukizidi sana dakika 20, mifereji inayopitiwa na sindano hulazimika kusogezwa karibu karibu na sauti hupungua nguvu. Kwa sababu hizo watayarishaji wa enzi ile walizoea kuufungua upande kwa wimbo mchangamfu na kuufunga kwa wimbo mtulivu, na walijua vilevile kwamba katikati ya kazi yao msikilizaji atainuka kitini, ageuze santuri, na ukimya utapita. Albamu nyingi za roki ziliuchukulia ukimya huo kuwa usumbufu tu. Rumours imeujengea nyumba.

Upande wa kwanza unafunguliwa na Buckingham katika Second Hand News, wimbo wa haraka wa mwanamume anayejifanya hajali kuachwa. Wimbo wa pili, Dreams, ni wa Nicks, nao unapunguza mwendo ghafla: ngoma na besi zinatembea polepole, vinanda vinaelea kwa sehemu kubwa juu ya kodi mbili (mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja), na mwanamke anamwambia mwenzake kwa utulivu kwamba uhuru anaoutaka ataupata pamoja na upweke wake. Dreams ulifika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1977 na unajitegemea vizuri hata ukipigwa peke yake, lakini ukitanguliwa na kelele za Buckingham utulivu wake unageuka kuwa hukumu. Kisha Buckingham anarudi na Never Going Back Again, gita na sauti yake tu, akiapa kwamba yale hayatamrudia, na wimbo ni mfupi mno na mtamu mno kiasi kwamba kiapo chenyewe hakiaminiki.

Wimbo wa nne, Don't Stop, Christine McVie aliutunga akimtia moyo mume aliyekuwa akiachana naye. Nauona kuwa ndio unaodhihirisha zaidi busara ya mpangilio huu, kwa sababu mtu mwingine yeyote angeuweka mwisho. Ni wimbo wa matumaini, unaimbika na umati, na mwaka 1992 ulitumika katika kampeni ya urais ya Bill Clinton. Ungefunga albamu, msikilizaji angeondoka akiamini kwamba kesho itatibu kila kitu. Hapa ulipo unafuatwa mara moja na Go Your Own Way, wimbo wa hasira kuliko yote, ambamo Buckingham anamshambulia Nicks kwa maneno ambayo Nicks mwenyewe alisema baadaye hadharani kwamba hayakuwa ya haki, ingawa sauti yake inasikika ikiitikia. Matumaini yamedumu dakika tatu tu.

Baada ya gita lile kufifia inaingia Songbird. Huu haukurekodiwa pamoja na nyimbo nyingine, bali katika ukumbi wa Zellerbach, Berkeley, ili piano ipate mwangwi wa ukumbi mkubwa. Hakuna ngoma. Christine McVie anamtakia mpendwa wake mema bila kudai chochote, na upande unakwisha. Msikilizaji anabaki na sauti ya sindano ikizunguka bure, anainuka, anageuza, na kinachomkaribisha ni mpigo mzito wa ngoma ya mguu na gita kavu la The Chain (Mnyororo), wimbo wa watu wanaokumbushana kwamba waliahidiana kutoachana.

Sijui mahali pengine katika muziki wa roki ambapo ukimya wa kugeuza santuri umefanya kazi kubwa kama hapa. The Chain ndio wimbo pekee katika albamu unaobeba majina ya wote watano kama watunzi, na wenyewe ni mshono mtupu, kwa kuwa uliunganishwa kutokana na vipande vilivyotoka sehemu mbalimbali, tepu zikikatwa kwa wembe na kugandishwa. Karibu na mwisho ala zote zinanyamaza, besi ya John McVie inabaki peke yake ikipiga sauti chache za kutisha, halafu kundi zima linaifuata. Na wimbo unaofuata, You Make Loving Fun, ni wa Christine McVie akimsifu mpenzi wake mpya, na anayeubeba kwa besi ni John McVie yuleyule. Aliyetoka kuushikilia mnyororo sasa anaufanya wimbo wa mpinzani wake uchezeke. Kila ninapofika hapo hupunguza shughuli nilizo nazo mkononi.

Upande wa pili una udhaifu wake, na ni haki kuutaja. I Don't Want to Know ni wimbo mzuri usio na uzito wa majirani zake, na Oh Daddy unavuta mwendo kuliko inavyohitajika. Hata hivyo, uzito wa Oh Daddy unaandaa njia ya Gold Dust Woman, ambao unaifunga albamu kwa kilio cha Nicks kinachozidi kupotea gizani, bila suluhu wala kuagana.

Hapa ndipo lilipo suala la Silver Springs. Wimbo huu wa Nicks uliondolewa kwa sababu ya urefu wake kabla albamu haijatolewa, nafasi ikapewa I Don't Want to Know, na wenyewe ukatolewa nyuma ya santuri ndogo ya Go Your Own Way, jambo lililomuumiza sana mtunzi. Kwa uzuri unaupita wimbo uliochukua nafasi yake, nami nasema hivyo bila kusita. Toleo la mwaka 2004 lilijaribu kurekebisha dhuluma hiyo kwa kuuingiza kati ya Songbird na The Chain. Nia ilikuwa njema, lakini mahali palichaguliwa vibaya: baraka ya Songbird inafuatwa papo hapo na apizo la mwanamke anayesema sauti yake itamwandama aliyemwacha, na The Chain unapoanza, msikilizaji tayari amechoka na wala hashtuki. Toleo la 2013 lilikuwa na heshima zaidi, kwani liliuweka baada ya nyimbo 11 za awali, mahali ambapo msikilizaji anaweza kuamua kuendelea au kukoma.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni santuri, hata iliyotumika, mradi upande wa pili haujachakaa mwanzoni, kwa sababu mikwaruzo pale itaharibu mpigo wa kwanza wa The Chain. Anayesikiliza kwa intaneti atafute toleo lenye nyimbo 11, azime kitufe cha kuchanganya, na Songbird ikimalizika asimamishe kwa nusu dakika, ainuke kama mwenye santuri anavyoinuka, ndipo aendelee. Vilevile azime ile huduma ya kuendeleza muziki yenyewe albamu inapokwisha, ili wimbo mwingine wowote usidakie pale kilio cha Gold Dust Woman kinapomalizika.