Mizani inapima vizuri, tatizo ni mdomo wake (riviu baada ya miezi saba)

Nianze na sifa maana kitu kizuri kisifiwe. Hii ni ile mizani ya bafuni ya kioo, ya kidijitali, ina vipande vinne vya chuma pale unapokanyaga na inaunganishwa na simu kwa Bluetooth. Jina la kampuni siliweki, nimeshapanda za kampuni zingine mbili tatu kwa ndugu na marafiki na tabia ni ile ile. Nimekaa nayo miezi saba kwenye nyumba ya watu wazima wawili na vijana wawili, binti wa miaka 13 na kaka yake wa 16, na hao wawili ndo sababu riviu imekuwa ndefu hivi. Ungekuwa mtu mzima unainunulia kichwa chako peke yako ningekwambia chukua, tukaishia hapo.

Kwenye kupima uzito wenyewe sina neno. Niliijaribu kwa maji, si unajua lita moja ya maji ni kilo moja, nikaweka dumu tupu nikaandika, nikajaza lita 10 nikarudisha, ikasoma kilo 10 na gramu 50 za ziada, mara tatu mfululizo. Usiiweke kwenye zulia tu, inadanganya mchana kweupe, inataka sakafu ngumu iliyonyooka. Betri zilizokuja nayo bado zinapiga kazi mpaka leo. Kioo hakina mchubuko. Kwa hiyo nyota tano, sawa?

Alafu unaweka apu kwenye simu, na mizani inafungua mdomo.

Yaani we umeuliza uzito, yenyewe inakuletea namba 13. Asilimia ya mafuta, misuli, maji, mifupa, na kitu kinaitwa "umri wa mwili", ambao mimi wa miaka 41 niliambiwa nina 52. Nikacheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini. Nikataka kujua sasa hiki kioo kimejuaje mafuta yangu, nikasoma soma, kumbe inapitisha umeme mdogo sana kwenye nyayo, huusikii kabisa, unapanda mguu mmoja unashukia wa pili, maji na misuli vinaupitisha kirahisi, mafuta yanaukatalia, basi kutokana na ule ugumu inakisia. Huko juu, tumboni na mikononi, umeme wenyewe haujafika vizuri, inajazia kwa hesabu ya umri, jinsia na urefu uliouandika mwenyewe. Mi nikapanda kabla ya kuoga ikaniambia mafuta asilimia 34, nikaoga, nikapanda na miguu mibichi, 29. Dakika ishirini! Kama sabuni inatoa mafuta kiasi hicho basi tuhamie bafuni.

Mimi nilicheka. Mtoto wa miaka 13 hacheki, na hapa ndo nyota zinaanza kudondoka.

Kwenye kile kijitabu, ukurasa wa mwisho, kwa herufi za sisimizi, wameandika kwamba hizo asilimia hazihusu walio chini ya miaka 18. Vizuri. Sasa kizuizi chenyewe kiko wapi? Apu inakuuliza mwaka wa kuzaliwa na inaamini chochote. Binti yangu alipoona profaili yake inatoa namba mbili tu na ya mama inatoa 13, akabadili mwaka, akawa na miaka 19 kabla chai haijapoa. Mi nimekuja kugundua baada ya wiki kadhaa.

Cha pili ni mshale. Kila ukipanda apu inalinganisha na jana, uzito ukishuka mshale wa kijani, ukiongezeka mshale mwekundu. Nani alikaa ofisini akaamua kila kuongezeka ni kosa? Mtu yeyote uzito wake unapanda na kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku, maji, chumvi, choo, siku za hedhi. Mtoto anayebalehe ndo kabisa, ule muda anatakiwa aongezeke, kwenye miaka ya ujana mwili unaweza kujijengea karibu nusu ya uzito wote atakaokuwa nao ukubwani. Wasichana wanafika kilele cha kurefuka kwa kasi mapema, wengi mnamo miaka 12 hivi, wavulana kama 14, na msichana kuongezeka mafuta nyonga na mapaja kipindi hicho ni mwili unafanya kazi yake. Mifupa nayo inajazwa humo humo, sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ya maisha yote inapatikana kabla hajafika miaka 20. Yote hayo kwenye simu ya mwanangu yakawa mshale mwekundu.

Ila kosa lililonichefua kuliko yote ni la urefu, na sijaona mtu amelisema popote. Tulipoanza binti alikuwa sm 155 na kilo 49, ukigawa uzito kwa urefu wa mita mara wenyewe, ndo hiyo BMI, unapata 20.4. Miezi saba baadaye ana kilo 52, apu ikampa 21.6 na ujumbe wa "angalia mwelekeo wako". Nikasimamisha mtoto ukutani na rula. Sm 159! Karefuka sentimita nne, na apu haijawahi hata siku moja kuuliza jamani umekua? Ukiweka urefu wa kweli inatoka 20.6. Yaani hakuna kilichobadilika zaidi ya sketi kuwa fupi, lakini ye miezi yote hiyo anaamini ananenepa kwa sababu mashine imemshikilia kwenye kimo cha mwaka jana.

Na hiyo BMI yenyewe kwa vijana haisomwi kama yetu. Ile mistari ya 18.5, 25 na 30 (chini ya 18.5 uzito pungufu, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 unene kupindukia) ni ya watu wazima. Kwa umri wa miaka 5 mpaka 19 Shirika la Afya Duniani lina chati zake za tangu 2007, wavulana zao na wasichana zao, unaangalia mtoto yuko wapi akilinganishwa na wa umri wake. Kaka mtu, miaka 16, sm 176 kilo 55, BMI 17.8, apu ikamwandikia kwa rangi ya bluu "uzito pungufu" (na ye alishajiongezea miaka, msiniulize). Kwenye chati ya umri wake yuko ndani ya kawaida, mwembamba, ndio, lakini kawaida. Asingeambiwa hivo asingeanza kuomba hela ya unga wa protini wa kutanua kifua, na kujipiga picha kila asubuhi amevua shati kuangalia kama bega limetoka. Watu wanadhani haya mambo ya mwili ni ya wasichana. Wavulana wanaumia kimya kimya, tofauti tu wao wanataka kuwa wakubwa.

Nitoke nje ya njia kidogo. Hiyo hesabu ya BMI ilitoka kwa Mbelgiji anaitwa Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, na ye alikuwa mtu wa takwimu anayetafuta binadamu wa wastani kwenye kundi zima la watu, hakuwa daktari anayekuangalia wewe. Jina la BMI limekuja 1972 kwa Mmarekani Ancel Keys. Na huyu Keys ndo yule yule aliyefanya jaribio la njaa Minnesota mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya wamejitolea wenyewe, wakapunguziwa chakula mpaka kama nusu ya walichozoea, kalori elfu moja na mia tano na kitu kwa siku, kwa miezi sita. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakali, wanasikia baridi, hawataki watu. Watu wazima hao, na walijua ni jaribio.

Sasa rudi kwenye apu. Ina sehemu ya "lengo", unaandika unataka kilo ngapi, inakupangia kalori. Binti aliandika. Namba iliyomtokea siiandiki hapa, asije mtoto mwingine akaikopi, ila ilikuwa chini ya waliyopewa wale wanaume wa Minnesota. Kwa mtoto anayekua, mwenye hedhi, anayecheza netiboli, ambaye anahitaji madini ya chuma ya kutosha, na kalsiamu ndo anaihitaji kuliko mimi mama yake! Na chini yake kidole gumba na neno "Unaweza!"

Nilijuaje? Mizani inalia. Ukikanyaga inafanya tii, ukimaliza tii tii. Saa sita usiku nikasikia tii kutoka bafuni, nikajua kaka mtu anachezea. Kesho tena. Nikafungua grafu ya binti kwenye simu, nukta za siku moja, saba. Kabla ya kula, baada ya kula, baada ya choo, usiku. Na apu inampongeza, "siku 30 mfululizo umejipima, hongera" na fataki zinaruka, kama vile kujipima ni kujifunza Kiingereza kwenye apu. Alafu na profaili zote za familia zinaonekana kwa kila mtu, hakuna nenosiri, kaka akawa anasoma kilo za mdogo wake mezani kwa sauti. Neno "bonge" lilitamkwa siku moja tu, nikamnyanyua kwenye kiti, lakini nadhani ile siku moja ilitosha.

Nikamkuta binti kakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Nikamuuliza mwanangu vipi, akasema, "Mama, nimekula tufaha tu na bado mwekundu." Basi.

Tukaenda kwa nesi anayeshughulika na vijana. Na ye ana mizani, nzee, haina hata mwanga. Akampima akiwa kaipa mgongo namba, akaandika kwenye karatasi, akampima urefu, akachora nukta mbili kwenye chati akatuonyesha mstari unapanda taratibu ule ule aliotoka nao utotoni. Alafu akaiweka pembeni akauliza vitu ambavyo apu haijawahi kuuliza, unalala saa ngapi, hedhi inakuja, unasikia kizunguzungu, unakula na wenzako au unajificha, ni nani alikwambia kitu kuhusu mwili wako. Hapo kwenye swali la mwisho ndo mtoto alilia. Kwangu akasema chakula asipimiwe, milo iwepo kwa wakati, asubuhi asiruke, tule mezani pamoja simu mbali, na mimi niache kusema "leo nimefakamia" mbele yake. Hiyo ilinichoma, maana nasema kweli, kila siku. Akaniambia pia nikiona anaruka milo, hedhi imekata, au anakimbilia chooni kila akitoka mezani, nisisubiri, nimrudishe haraka, maana haya matatizo ya kula yakishika ni ugonjwa kweli, hayaondoki kwa kukemewa. Tumerudi mara mbili, anaendelea vizuri, taratibu.

Apu nimeifuta kwenye simu zote nne. Kumbe mizani inafanya kazi bila apu, inakuonyesha uzito inakaa kimya, hicho kitu wangekiandika mbele ya boksi mi ningeshawasifu zaidi. Kufuta akaunti si kazi ndogo, iko ndani ya setingi, ndani ya "msaada", ndani ya "mengineyo", na inakuuliza mara tatu una uhakika. Ile milio haizimiki.

Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaeleza yote, nikaomba vitu viwili, wafunge kabisa lengo la kupunguza uzito kwa profaili za watoto, na apu iulize urefu kila baada ya miezi mitatu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, wananishukuru kwa kuwa mteja na wananipa mwezi mmoja bure wa kifurushi cha juu chenye "mpangilio wa lishe kwa familia nzima".

Kwa hiyo: mizani nyota tano, apu nusu nyota, na hiyo nusu ni kwa sababu ile grafu ndo ilinifungua macho. Mkiwa na vijana nyumbani na bado mnaitaka, msiipeleke bafuni. Yetu iko juu ya kabati chumbani kwetu, inashuka tukiwa na mabegi ya safari ya ndege tu. Wiki iliyopita kijana aliiomba apime begi lake la shule, kilo 9, akasema sasa nimejua kwanini mgongo unauma. Na kuna aliyeniuliza kama kifuniko cha betri kinalegea: ndio, kinalegea, weka kipande cha selotepu.